Kinga ya masikio ya elektroniki kwa uwanja wa shabaha: jinsi ya kuchagua, kupima na kuvaa

Siku niliyoumiza sikio langu la kushoto sikuwa nimesahau kuvaa kinga. Nilikuwa nimeivaa. Ilikuwa ile ya kawaida isiyotumia betri, vikombe viwili vya plastiki na mkanda wa kichwani, na ilikuwa inaziba barabara. Afande aliyesimamia mstari alisema jambo, nikaona midomo inacheza tu. Nikainua kikombe cha kushoto kwa kidole kimoja ili nimjibu, "Naam, Afande?" Jirani yangu, hatua mbili tu kushoto, hakuwa ameniona. Akafyatua. Tulikuwa chini ya paa la mabati, kishindo kikaturudia kutoka juu kama sinia lililoangushwa kwenye sakafu ya saruji. Ule mlio mwembamba wa "nziii" ulikaa sikioni mpaka usiku wa manane. Hadi leo simu ikiita naipeleka sikio la kulia bila hata kufikiri.

Kwa hiyo ninapomshauri mtu anunue kinga ya elektroniki, wala simsukumii mapya ya teknolojia. Kinga ya kawaida iliyo nzuri huzuia kishindo sawa na ya elektroniki, pengine hata zaidi. Tofauti ni kwamba ya elektroniki hukuacha usikie binadamu, basi huna sababu ya kuivua. Shika hilo, maana ndilo kipimo utakachotumia kuamua kila jambo linalofuata.

Inavyofanya kazi, na uongo mmoja wa matangazo

Wengi hudhani kinga hizi ni kama mlango unaowahi kujifunga risasi inapolia, na kwamba ukichelewa sekunde chache umeumia. Sivyo. Vikombe vinazuia sauti muda wote, betri ziwepo zisiwepo. Nje ya kila kikombe kuna maikrofoni inayodaka sauti za karibu, ndani kuna spika ndogo inayokurudishia sauti hizo. Spika hiyo imewekewa ukomo, kwa kawaida karibu desibeli 82 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mtu akizungumza, unamsikia. Bunduki ikilia, maikrofoni inadaka kishindo lakini spika haiwezi kukitoa kwa ukubwa wake. Kinachokufikia ni kile kilichopenya kwenye plastiki, sponji na mito ya pembeni.

Maana yake mbili. Kwanza, betri zikifa katikati ya zoezi hujabaki uchi. Umebaki na kinga ya kawaida. Pili, unaponunua chombo hiki unanunua kikombe kwanza na umeme baadaye. Kikombe kinachovuja hakiokolewi na umeme wowote, na yale majigambo ya "hujibu kwa milisekunde kadhaa" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi yasikukoseshe usingizi.

Hatua ya kwanza: jua utapiga nini, na wapi

Bunduki ndogo ya .22 yenye mtutu mrefu hutoa kishindo kinachokaribia desibeli 140. Bastola ya milimita 9 inafika takriban 160. Bunduki ndefu za vita na za uwindaji hupita hapo. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila unapoongeza 3, nishati ya sauti inazidishwa mara mbili, kwa hiyo kati ya 140 na 160 si nyongeza ndogo bali ni mara mia moja. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kudhibiti kelele kazini zimeweka 140 kuwa kilele ambacho mfanyakazi hapaswi kukivuka hata kwa mara moja, na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inatumia mpaka huohuo. Risasi moja ya bastola bila kinga tayari imeuvuka.

Kishindo namna hii hakihitaji miaka kukuumiza. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Zikivunjika hazioti tena. Na kwa anayepiga bunduki ndefu kwa mkono wa kulia, sikio la kushoto ndilo huumia zaidi, kwa kuwa limeelekea mdomo wa mtutu huku la kulia likijificha nyuma ya kichwa na bega.

Mahali nako kuna uzito wake. Uwanja wa wazi kama ule wa Kirigiti kule Kiambu, sauti inaondoka na upepo. Chini ya paa la mabati, au ndani ya jengo lenye kuta za zege, mwangwi unakurudia na risasi ya jirani ni kama yako. Kibaya zaidi ni jirani mwenye kizuizi cha mtikisiko mdomoni mwa mtutu, kile kifaa chenye matundu ya pembeni. Kinampunguzia yeye teke la bunduki na kukumwagia wewe kishindo chote. Ukikuta mtu wa namna hiyo mstarini, hama.

Hatua ya pili: soma namba, lakini usiiamini yote

Kwenye boksi utakuta NRR au SNR, namba zinazoonyesha kinga inapunguza desibeli ngapi, wakati mwingine zote mbili. NRR ni ya Marekani, na tangu 1979 sheria yao inataka iandikwe. SNR ni ya Ulaya. Usilinganishe moja na nyingine: kinga ileile ya elektroniki ya Honeywell Impact Sport imeandikwa NRR 22 kwa soko la Marekani na SNR 25 kwa Ulaya. Muuzaji akikwambia "hii yangu ni 25, ile yake ni 22 tu," muulize 25 ya wapi.

Namba hizo zilipatikana maabara, kwa watu waliovalishwa kwa utulivu, bila jasho wala miwani. NIOSH hupendekeza ukate robo ya NRR kwa kinga za vikombe, na nusu nzima kwa vizibo vya sponji, kwa sababu watu huvivaa vibaya. NRR 22 inakuwa 16 na kitu. Toa hiyo kwenye 160 ya bastola: bado uko juu ya 140. Sasa vaa vizibo vya sponji vyenye NRR 33 ndani, na vikombe juu yake. Kanuni ya makadirio ya haraka ni kwamba kinga mbili hazijumlishwi. Unachukua kubwa na kuiongeza 5. Nusu ya 33 ni 16 na nusu, ongeza 5, unapata 21 na ushei. Umeshuka chini ya 140, kwa kukwaruza.

Ni hesabu ya ovyo ovyo, nakiri. Lebo yenyewe ya Marekani inaonya kwamba NRR ilipimwa kwa kelele ya mfululizo, kwa hiyo huenda isionyeshe sawasawa kinga dhidi ya kishindo cha bunduki. Ila inatosha kukuonyesha kwa nini NIOSH inataka kinga mbili kwenye viwanja vya ndani. Mimi navaa mbili hata nje.

Na ule ukuta wa mwisho: hata ukivaa tatu, sauti hupita kwenye mifupa ya fuvu. Baada ya desibeli 40 hadi 50 za kinga, hakuna unachoongeza. Anayekuuzia kinga ya vikombe yenye "NRR 45" anauza karatasi.

Hatua ya tatu: kikombe na shavu lako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Vikombe vinene huzuia zaidi, lakini ukilaza shavu kwenye kitako cha bunduki ndefu, kitako kinagonga kikombe na kukisukuma juu. Mto unaachana na ngozi chini ya sikio, palepale unapofyatua. Namba iliyoandikwa kwenye boksi imekwisha kazi.

Kwa bastola peke yake, chukua kikombe kinene upendavyo. Kwa bunduki ndefu au ya marisau, tafuta kilichokatwa upande wa chini. Impact Sport na Walker's Razor Slim zimetengenezwa hivyo, na ndiyo sababu ziko vichwani mwa watu wengi ingawa NRR zao ni 22 na 23 tu. 3M Peltor Sport Tactical 500 ina NRR 26 na mwili mkubwa kidogo. Sordin Supreme Pro-X, yenye asili ya Uswidi, haifiki NRR 20, na bado wanajeshi na wawindaji huilipia pesa mara kadhaa ya Impact Sport. Wanalipia uimara, uwezo wa kuvumilia maji, mito ya jeli na sauti safi. Ningekuwa nayo ningeivaa na vizibo ndani, kila mara.

Kipimo cha nyumbani hakihitaji bunduki. Vaa kinga, chukua mpini wa fagio, uweke begani, laza shavu kama unalenga. Mwambie mtu aangalie chini ya sikio lako. Akiona mwanga kati ya mto na shavu, kinga hiyo ni ya bastola. Mke wangu alifanya kazi hiyo kwa kicheko kisichoisha, lakini aliuona mwanya ambao mimi nisingeuhisi.

Hatua ya nne: sasa umeme

Angalia mambo matatu, mengine ni mapambo.

Maikrofoni ziwe mbili, moja kila upande, na kila moja ilishe sikio lake. Kinga ya bei ya chini yenye maikrofoni moja hukuletea sauti zote katikati ya kichwa. Utasikia "Acheni kupiga!" lakini hutajua imetoka wapi, na kwenye mstari wa watu kumi hilo si jambo dogo.

Namna inavyoshughulikia kishindo. Zipo zinazokata sauti kabisa kisha zikarudi baada ya nusu sekunde hivi. Mstari ukiwa na shughuli, mazungumzo yanakuwa vipande vipande. Zipo zinazobana sauti kubwa huku ndogo zikiendelea kupita. Hizi ndizo za kununua. Dukani fanya hivi: vaa, washa, piga makofi kwa nguvu mfululizo huku mwenzako akihesabu kwa sauti ya kawaida. Ukisikia moja mpaka kumi bila pengo, ni nzuri. Ukisikia "mbili… tano… tisa", irudishe.

Kitufe cha sauti kipatikane kwa kidole bila kuangalia, na kigeuke bila kuruka kutoka kimya hadi mayowe. Washa mpaka juu ukiwa mahali tulivu: mchakacho kidogo ni kawaida, lakini ukisikia kama kuna mtu anakaanga mihogo sikioni, baada ya saa moja utaizima, na ukiizima utaanza tena kuinua kikombe.

Bluetooth ni starehe. Inafaa kwa simu ukiwa umeketi nyuma ya mstari. Muziki ukiwa umeshika silaha ni upumbavu, nalisema hivyo bila kupamba.

Kuna pia za elektroniki za kuingia tundu la sikio. Hazigusi kitako wala kofia na hazipikishi kichwa kwenye jua la Pwani. Lakini ubora wake wote unategemea ncha inavyokaa ndani ya tundu, na ndogo kama hizo hupotea. Mtu mgeni wa mchezo huu asianzie hapo.

Hatua ya tano: usiuziwe bandia

Kwa bidhaa za Ulaya, tafuta EN 352, kiwango cha Ulaya cha kinga za masikio, iliyochapwa kwenye kikombe chenyewe, si kwenye boksi tu, na alama ya CE ikifuatwa na tarakimu nne. Tangu 2018 kinga dhidi ya kelele zinazodhuru ziko kwenye kundi la juu la vifaa vya usalama Ulaya, na zile tarakimu nne ni za taasisi iliyokagua. CE peke yake, bila tarakimu, ni mapambo. Kwa bidhaa za Marekani, tafuta lebo ya NRR yenye jina la mtengenezaji na modeli. Nimewahi kushika "Peltor" sokoni ambayo jina lake lilikuwa na herufi moja tofauti na mito yake ilinukia ndala mpya.

Bei ya Marekani kwa Impact Sport huchezea dola 50 hadi 70. Ukiikuta mtandaoni kwa dola 12, unajua umeona nini. Ukiagiza kutoka nje, hesabu usafiri na ushuru kabla ya kufurahi. Kama bajeti ni finyu kweli, nunua kinga nzuri ya kawaida, mfano 3M Peltor X5A yenye NRR 31, pamoja na paketi ya vizibo, badala ya elektroniki ya kubahatisha. Makubaliano yako na msimamizi yawe ya ishara za mikono, na kikombe kisiinuliwe mpaka mstari uwe kimya.

Hatua ya sita: kuvaa

Nimewaona watu wenye kinga ya dola 300 wakiivaa juu ya kofia. Mto lazima ukae kwenye ngozi. Nywele nene, sharubu za pembeni zilizoteremka, ukingo wa kofia, vyote ni mianya. Kwa anayevaa hijabu au ushungi, suluhisho ni kitambaa chembamba kinachonyooshwa bila mikunjo, au kuvaa kinga kwanza na mtandio juu yake uliolegea. Kitambaa juu ya maikrofoni hupunguza sauti kidogo tu na hukinga upepo. Kitambaa chini ya mto huvujisha kishindo, kwa hiyo la pili ndilo bora, na vizibo ndani vinamaliza wasiwasi.

Miwani ya usalama ni lazima uwanjani, na mikono yake minene ndiyo adui mkubwa wa mto. Tafuta miwani yenye mikono myembamba iliyonyooka, na mito ya jeli inayojikunja kuizunguka. Kujua kama unavuja: simama karibu na bomba linalotiririka, kinga imezimwa, kisha bonyeza vikombe kwa viganja. Sauti ya maji ikishuka sana ulipobonyeza, palikuwa na mwanya.

Vizibo vya sponji vina ufundi wake, na wengi hawakufundishwa. Osha mikono kwanza. Vidole vilivyogusa risasi na maganda yake vina vumbi la risasi, madini yenye sumu, na hutaki kulisokotea sikioni. Sokota kizibo mpaka kiwe chembamba kama kalamu ya wino isiyo na ganda. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza, shikilia kwa kidole sekunde 30 kikivimba. Sema jina lako. Sauti ikiwa nzito, kama unaongea ndani ya pipa, kimeingia. Mwenzako akikiona kizima kimetokeza kama uyoga, toa uanze upya. Mwenye usaha au maumivu ya sikio asitie kitu ndani; siku hiyo apumzike.

Kisha vaa vikombe juu, washa, na pandisha sauti kuliko kawaida. Huu ndio mchanganyiko nilioutafuta miaka: vizibo vinazuia, spika inasukuma maneno kupitia vizibo, na Afande namsikia akisema "mlengaji wa tatu, kidole nje ya kifyatulio" huku bunduki zikiwa kama milango inayofungwa nyumba ya pili. Washa kabla ya kuingia eneo la uwanja, siyo mstarini. Uvue ukiwa umetoka.

Mtoto anayefuatana nawe usimpe kinga ya mtu mzima iliyobanwa mpaka mwisho. Mkanda ukilegea, kikombe kinaning'inia. Nunua ya saizi yake, ya kawaida inatosha, au abaki nyumbani. Na kifaa cha kusaidia kusikia kilichozimwa si kizibo. Mwenye nacho akivue, avae kinga ya vikombe ya elektroniki, nayo itamrudishia sehemu ya alichokosa.

Hatua ya saba: kuitunza

Nyingi hutumia betri mbili za AAA, zile nyembamba za rimoti. Impact Sport hukaa saa 350 hivi, Sordin Supreme Pro-X takriban 600, na zote hujizima zenyewe baada ya saa nne ukisahau. Betri za bei ya chini huvuja, na kwa unyevu wa Mombasa au Tanga utafungua kikasha ukute kutu ya kijani imekula springi za betri. Zitoe kama huendi uwanjani mwezi huu. Weka mbili za akiba kwenye mfuko wa risasi.

Usiiache kwenye dashibodi ya gari. Joto hukausha mito na kulegeza mkanda. Futa jasho kwa kitambaa chenye maji kidogo, spiriti hupasua mito. Mito ni kama tairi, inaisha: bonyeza kwa dole gumba, na shimo lisipojaa mara moja, au ukiona nyufa, badilisha. Kwa mtu anayekwenda kila wiki ni miezi sita hadi mwaka. Kwa hiyo kabla ya kulipia modeli yoyote, muulize muuzaji kama mito yake ya akiba inapatikana peke yake. Yangu nimeandika mwezi wa kuibadilisha kwa kalamu ya rangi, ndani ya kikombe cha kushoto.